Stellah Kemilembe Kaijage, 1992–2025: Filamu Kumi na Nane za Oktoba

Wasifu huu umeandikwa na familia na unasomwa na mdogo wake, Anselmo, leo Ijumaa, tarehe 5 Desemba 2025, mbele ya ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake waliofika kumsindikiza.

Marehemu Stellah alizaliwa kusini mwa Stockholm tarehe 14 Machi 1992, mtoto wa kwanza wa Mzee Vedasto Kaijage na Mama Winifrida. Wazazi wake walitoka Bukoba kuja kusoma, wakiwa na nia ya kukaa miaka mitatu. Alibatizwa akiwa na miezi miwili, na bibi yake mzaa baba akamtumia jina la Kemilembe kwa simu, kwa sauti ya kukatika-katika, hata baba yake akalazimika kumwomba alirudie. Alikulia katika mtaa wa Hagsätra, ghorofa ya tatu. Mama yake alimsemesha Kiswahili, naye akajibu Kiswidi, na hivyo ndivyo walivyogombana na kupatana miaka yote.

Shule ya msingi na ya kati alisoma hapohapo Hagsätra. Huko ndiko alikopata marafiki wawili aliokwenda nao hadi mwisho: Isra, binti wa jirani wa ghorofa ya chini, na Deo, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na ambaye akikasirika hugeukia Kifaransa. Oktoba ya mwaka 2007, wakiwa na miaka kumi na mitano, watatu hao walitengeneza filamu yao ya kwanza ya Halloween, ile sikukuu ya vitisho ya tarehe 31 Oktoba, kwa kamera ya kuazima shuleni. Damu ilikuwa maji ya sukari na rangi nyekundu ya keki. Waliipigia katika chumba cha kufulia cha jengo, ambacho wapangaji hukitumia kwa zamu, Deo akiwa amelala sakafuni kama maiti, shuka juu yake. Katikati ya kazi akaingia bibi mmoja jirani na kapu lake la nguo. Aliitazama ile maiti, akaitazama damu, kisha akamwambia Stellah kwa upole kwamba saa hizo za kufua ni zake. Wakafungasha vitu vyao. Maiti ilisaidia kupiga deki.

Tangu hapo hawakuacha. Kila mwaka, majani yakianza kuanguka, Stellah alikuwa na hadithi kichwani, Isra akishika kamera na Deo akishughulikia sauti na taa. Filamu haikuzidi dakika kumi. Waliionyesha sebuleni jioni ya tarehe 31, kwa majirani na watoto wa parokia, na mama Winifrida ndiye aliyepika. Lakini hakuwahi kukaa kutazama. Kwake yeye, hizo ni siku za kuwaombea marehemu na kuwasha mishumaa makaburini, wala hakuelewa kwa nini mwanawe achague siku hizohizo kuchezea kifo. Alisema hivyo waziwazi kila mwaka, na kila mwaka alipika.

Alimaliza sekondari ya juu mwaka 2011. Aliomba chuo cha filamu mara mbili, hakuchaguliwa, na hakupenda kulizungumzia. Mwaka 2013 alianza mafunzo ya udereva wa treni, na mwaka uliofuata akakabidhiwa njia ya kaskazini, ile inayopita Upplands Väsby hadi Märsta. Aliipenda kazi yake. Alipenda hasa zamu ya alfajiri, anapowabeba watu wa usafi na wa mizigo wanaokwenda uwanja wa ndege. Wengi wao walimfahamu kwa jina.

Mume wake, Goodluck Mmari, alikutana naye mwaka 2015 kwa njia ya filamu hizo. Alikuwa mwanafunzi mgeni, akaletwa na Deo kwa sababu walihitaji maiti ndefu. Wakamlaza msituni nyuma ya majengo na kumfunika majani makavu. Baridi ilikuwa kali na maandalizi yakachukua muda, na Isra alipoanza kupiga picha, maiti ikasikika ikikoroma. Stellah alikataza asiamshwe. Walifunga ndoa tarehe 10 Juni 2017, na tarehe 2 Februari 2020 Mungu akawajalia binti, Tiana.

Familia imekubaliana kutoificha siku ya tarehe 9 Machi 2022. Siku hiyo, kaskazini mwa Upplands Väsby, mwanamume mmoja aliingia relini mbele ya treni ambayo Stellah alikuwa akiiendesha. Alifunga breki zote na kupiga honi, lakini treni haisimami kwa dereva kutaka. Hakuna aliyemlaumu, na hakukuwa na la kumlaumia. Hata hivyo alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Wiki nyingi zilipita ndipo alipomwambia mumewe, wakiwa jikoni, "Niliuona uso wake. Haukuwa kama tunavyowafundisha watu kufanya kwenye filamu. Alikuwa kama mtu anayengoja basi."

Mwaka huo hapakuwa na filamu. Isra na Deo walikuja tarehe 31 Oktoba na sufuria ya pilau, wakakaa, wakala, wakaosha vyombo, wakaondoka. Hawakumuuliza kitu. Baadaye Stellah alisema kwamba hiyo ndiyo siku aliyoanza kupata nafuu. Alirejea kazini majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, miezi ya mwanzo akiwa na dereva mwenzake pembeni. Mwaka 2023 akarudi na hadithi mpya ambayo ndani yake hakufa mtu. Deo alipolalamika kwamba haitishi, alimjibu, "Inanitisha mimi."

Ugonjwa ulijulikana tarehe 6 Februari mwaka huu. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na ilikwisha fika kwenye ini. Alifanyiwa upasuaji mwezi Machi, zikafuata dawa zilizomnyima usingizi na nywele. Mwezi Agosti madaktari walimweleza kwamba dawa zimeshindwa. Alitoka hospitali na mumewe, wakapanda treni hadi nyumbani. Ndipo akampigia Isra simu na kumwambia, "Mwaka huu tunapiga filamu mapema."

Alitaka filamu ya marehemu anayerudi kugonga mlango wa kwao. Na kwa mara ya kwanza alitaka kuicheza maiti mwenyewe. Deo, ambaye ni seremala, alitengeneza jeneza la mbao nyembamba na kulihifadhi kwenye baraza ya mama Winifrida, akidhani litapita bila kuonekana. Lilionekana siku hiyohiyo.

"Hilo sanduku litoke nyumbani kwangu," mama alisema.

"Mama, ni mbao tu."

"Nitaletewa la kweli, Stellah. Hili sitalitazama."

Stellah alimpigia Deo simu aje alibomoe, na Deo akalibomoa pale barazani, akazibeba mbao. Kisha Stellah akamgeukia mama yake na kumwambia kwa Kiswahili, "Basi jeneza limetoka. Lakini mtu wa kufungua mlango sina. Simama wewe." Mama alikataa. Akakataa tena kesho yake. Mwishowe akakubali kwa sharti moja: binti yake asipakwe unga usoni. "Alivyo inatosha," alisema.

Walipiga filamu Jumapili, tarehe 12 Oktoba, baada ya misa, kwenye ngazi za jengo lile lile. Stellah alikuwa amekonda, na Goodluck alimshikilia kiunoni mpaka Isra alipompa ishara ya kumwachia. Mama Winifrida alikuwa ameelezwa la kufanya: afungue, amwone mwanawe aliyekufa, apige ukelele, aufunge mlango kwa kishindo. Stellah aligonga. Mama alifungua. Alimtazama kuanzia miguuni, akiwa ameshika kitasa, na ukelele haukutoka.

"Ingia," alisema. "Hapo kwenye ngazi pana baridi. Umekula?"

Stellah hakupangiwa maneno katika sehemu ile. Kwa siku kadhaa chakula kilikuwa hakipiti. "Nimekula, mama," alisema, akaingia, na mama akafunga mlango taratibu nyuma yao. Wenzake wakabaki nje. Isra hakuizima kamera, aliendelea kuupiga picha mlango uliofungwa. Ilipopita dakika nzima, Deo aligonga kidogo na kuuliza kama warudie. Sauti ya Stellah ikatoka ndani: "Hapana. Hiyo hiyo."

Filamu hiyo, ambayo ni ya kumi na nane, ilionyeshwa tarehe 31 Oktoba katika chumba chake cha wodi ya wagonjwa wasiotibika tena, kwenye kompyuta ya Isra, wakiwa wamezunguka kitanda. Mama Winifrida alikaa na kutazama kwa mara ya kwanza. Ilipokwisha, Tiana aliuliza kwa Kiswidi, "Blev mormor rädd?" Bibi yake akamjibu kwamba ndiyo, aliogopa sana. Stellah alisema tu kwamba mlango ulisikika vibaya. Deo akaahidi kurekebisha sauti. "Iache hivyo hivyo," Stellah akamwambia.

Baba yake alitamani kumpeleka akazikwe Bukoba, karibu na bibi yake, na alikwisha anza kuulizia. Stellah alimwomba asifanye hivyo. Alitaka kulala mahali ambapo Tiana ataweza kufika mwenyewe kwa treni atakapokuwa mkubwa. Mzee Vedasto alitoka nje ya chumba, akarudi, akakubali. Hilo halikuwa jambo dogo kwake, na familia inamshukuru.

Tangu tarehe 10 Novemba hakuweza tena kuzungumza. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu. Mumewe alikuwa amemshika mkono mmoja, na mama yake mkono wa pili. Maumivu yalikuwa makali hadi saa za mwisho. Hatutasema alilala tu, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda vifo vya uongo.

Marehemu ameacha mume, Goodluck, binti, Tiana, wazazi, Mzee Vedasto na Mama Winifrida, mdogo wake, Anselmo, wakwe, shangazi, wajomba na binamu walioko Kagera, Kilimanjaro na hapa Stockholm. Kwa ombi la mama yake, wanaandikwa pia hapa, kama watoto wa nyumba hiyo, Isra na Deo.

Mungu aliyemtwaa kutoka kwetu ampokee, amwondolee maumivu yote, na ampe pumziko lisilokatizwa.