Chembe ya Marehemu Tikhon

Benchi la mbele ya duka pale kijijini Malyshevka lina miguu mitatu na tofali, lakini ukikosa nafasi pale, habari za milima ya Urali nzima zimekupita. Asubuhi ile Avdotya Lukinichna alikaa katikati, chai mkononi, barua ya makumbusho mapajani. Kulia alikuwa Winchi, aliyewahi kuendesha mashine ya kuchota mchanga mtoni. Kushoto Profesa, aliyekuwa bawabu wa chuo cha madini miaka miwili akatoka anajua yote. Mume wa Avdotya, Tikhon, Mungu amrehemu, aliosha mchanga wa vijito akitafuta dhahabu miaka thelathini. Chembe nzito za kijivu ambazo wenzake walizitupa, yeye alizitia kwenye chupa, nao wakamwita Mkusanya Takataka. Sasa chembe moja aliyoituma Avdotya makumbusho imepimwa, na ni metali tupu ambayo wataalamu hawajawahi kuikuta ardhini ikiwa hivyo. Ikikubaliwa kuwa madini mapya, jina la Tikhon litaandikwa kuwa ndiye aliyeipata. Avdotya hakuwa na haja nyingine duniani.

WINCHI: Hebu nisomee tena pale pa "safi".

AVDOTYA: "Metali safi kabisa, ya nadra ajabu." Mara ya nne hiyo.

WINCHI: Loo, Tikhon. Na sisi tulimcheka. Mimi chembe kama hizo nilishindilia kwenye bunduki nikapigia bata.

PROFESA: Umekula bata wa makumbusho, mjinga wewe. Haya, nisikilizeni. Kuokota tu hakutoshi. Kuna kamati ya dunia nzima, inapiga kura. Lazima ithibitike kitu kimezaliwa ardhini chenyewe, bila mkono wa mtu. Kisha kipande kinakaa makumbusho milele.

WINCHI: Kura? Kwani jiwe linagombea uenyekiti?

PROFESA: Na laweza kushindwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo hili limetoka juu. Limekuja na kimondo.

WINCHI: Kimondo gani? Hilo ni jino la joka lililochimba mto huu. Bibi yangu alilisikia likisaga mawe.

PROFESA: Basi lilikuwa na meno ya bandia.

AVDOTYA: Semeni mtakavyo. Ila takataka hakuna atakayesema tena.

Wote wawili wakavua kofia. Aibu iliwashika kweli, na heshima pia.

Basi la saa nne likamteremsha Zinaida, binti wa makumbusho aliyeandika ile barua. Alipopewa chupa aliipokea kwa mikono miwili.

ZINAIDA: Bibi, mumeo alikuwa na jicho. Wasomi wangapi wamepita hapa na hawakuinama? Limebaki jambo moja tu la kujaza kwenye fomu, maana bila hilo kamati itasema ni taka za kiwandani. Chembe hii ilitoka kijito gani?

Winchi akamtazama Profesa. Profesa akachungulia kikombe chake. Huko Malyshevka mwosha dhahabu hataji kijito chake, hata kwa padri akitubu, na hao wawili nao walikuwa waosha dhahabu. Na Tikhon alikuwa amemimina chembe za vijito vyote kwenye chupa moja.

PROFESA: Swali hilo, kitaalamu...

WINCHI: Nyamaza, Profesa.

AVDOTYA: Hata mimi hakuniambia, mwanangu. Miaka thelathini namfungia mkate, sijui alikuwa akiula wapi.

Machozi yakamlengalenga. Akayafuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akasimama.

AVDOTYA: Nikikutolea nyingine kama hiyo, na pahali nikakuonyesha, jina lake utaliandika?

ZINAIDA: Nitaliandika, bibi.

AVDOTYA: Haya. Winchi, kalete karai. Profesa, koleo. Tikhon alipita kila kijito, hata vile mnavyovificha. Tunaanza na chako, Profesa. Kiko wapi?

Profesa akasimama. Akamtazama Winchi, akaitazama chupa.

PROFESA: Nyuma ya kinu cha zamani. Chini ya ule msonobari uliopasuka.

Winchi akajisogeza kwenye benchi, akakohoa.

WINCHI: Kijito changu kiko jirani na hicho.