Sanduku Lililoibwa na Kufuli Lake

Emali na Kitui, mwaka 2025, kiangazi cha Agosti.

Kalunde: Haloo? Ni nani?

Ben: Ni mimi, Susu. Mjukuu wako Ben, wa Kitui. Umeamkaje?

Kalunde: Salama. Ikiwa unapiga kwa ajili ya yule mbuzi, jibu bado ni hapana.

Ben: Si mbuzi. Ngoja nitoke nje, netiweki hapa ofisini— (mkwaruzo) Uko peke yako?

Kalunde: Mwangangi amekwenda kuteka maji. Sema, na useme sentensi nzima.

Ben: Kuna sheria mpya ya kompyuta za serikali. Tumeagizwa tutafute siri zote zilizofungwa kwa makufuli ya zamani. Zinakuja mashine, zinaitwa kwantamu, zitakazoyafungua kama maganda ya mbaazi.

Kalunde: Basi yabadilisheni. Si ndiyo kazi yako?

Ben: Tunayabadilisha. Lakini mwaka jana wezi waliingia, wakanakili mafaili. Hata lile la mashahidi wa kesi ya wizi wa mchanga mtoni.



Kalunde: Hakimu aliniahidi kwamba jina langu halitatoka. Mwangangi, mwana wa kaka yangu mwenyewe, alifungwa miaka saba bila kujua kwamba ni mimi niliyemwona akimpiga yule mlinzi wa mto hadi akafa.

Ben: Jina bado limefungwa. Leo hawawezi kulisoma.

Kalunde: Aliyeiba sanduku na kufuli lake hana haraka ya ufunguo. Atalifungua lini?

Ben: Hakuna ajuaye.

Kalunde: Na sheria yenu inasemaje juu ya kilichokwisha ibwa?

Ben: Nilimuuliza mkubwa wangu. Akasema sheria hulinda kilichobaki ghalani.

Kalunde: Lifuteni basi.

Ben: Tukifuta letu, lao linabaki. Susu, sina la kufanya. Njoo ukae kwangu.

Kalunde: Nimwambie namkimbia nani, yeye anayenitekea maji kila asubuhi?

Ben: Mwambie unaumwa, unaenda hospi— (mkwaruzo) —unanisikia?

Kalunde: Kidogo. Mitungi inagonga mlangoni. Amerudi.

Ben: Kata simu. Tafadhali.

Kalunde: Nikingoja, ataambiwa na wezi. Nina deni la ukweli kwake.

Ben: Atakuua, Susu. Usimwambie—

Kalunde: Mwangangi, tua maji, uketi. Ile sauti ya shahidi nyuma ya pazia, siku ya kesi yako, ilikuwa yangu.

(salio linakwisha)