Mama Hapana Anavua Joho

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mwendesha Mashtaka Mwandamizi wa ofisi yetu atastaafu baada ya kulitumikia taifa kwa miaka thelathini na mmoja. Wageni wanamfahamu kwa cheo hicho. Sisi wa ghorofa ya pili tunamwita Mama Hapana, na leo tumeona bora tulieleze jina hilo hadharani, maana wapo mawakili wa utetezi wanaojisifu kwamba wao ndio waliolitunga.

Alianza na kesi za wizi wa kuku na baiskeli, akizishughulikia kana kwamba ni za benki kuu. Kwa kuwa ni mfupi, karani wa mahakama aliwahi kumwekea kibao cha kusimamia. Alikisukuma pembeni kwa mguu, akapaza sauti, na tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika kwamba hamwoni.

Kesi iliyompa jina ni ya wakala bandia wa ajira za ng'ambo. Bwana huyo alikuwa na ofisi yenye zulia na picha za ndege ukutani, akiwaahidi vijana kazi za hoteli ambazo hazikuwepo. Waliosafiri walijikuta wamefungiwa majumbani mwa watu, pasipoti zao zimechukuliwa. Shahidi wetu mkuu alikuwa mwanamke mmoja, fundi cherehani, aliyebahatika kurudi. Wakati huo kundi jingine lilikuwa limeshafunga masanduku, likisubiri tu wakala aachiwe. Ndani ya kundi hilo alikuwemo mdogo wa fundi huyo, wa tumbo moja, aliyemnunia dada yake kwa madai kwamba anamzibia riziki.

Siku ya ushahidi mambo yalikwenda mrama. Wakili wa utetezi, ndani ya suti yake nzuri, alimwuliza fundi kama alisafiri kwa hiari. Akajibu ndiyo. Kama alitunzwa vizuri huko? Ndiyo. Kama habari yote hii ameitunga? Ndiyo, bosi. Tuliokaa benchi la nyuma tuliinamisha vichwa, na mimi nikaanza kufunga mkoba.

Mama aliinuka bila papara, akamwuliza fundi kama yeye, mwendesha mashtaka, ni mwanamume mwenye ndevu. Ndiyo, bosi, akajibu fundi. Mahakama nzima iliangua kicheko, hakimu naye akajifuta macho. Mama hakucheka. Alimwuliza kwa upole ni nani aliyemfundisha kujibu hivyo. Fundi alimnyooshea kidole mshtakiwa, akaeleza mafunzo waliyopewa katika ofisi ile: mfanyakazi mzuri humjibu ndiyo kila aliyevaa suti, na anayesema hapana anaondolewa safarini. Halafu alilia, akanywa maji, akasimulia yote upya. Wakala alifungwa, na safari ya lile kundi ikafutwa.

Ndipo likazaliwa darasa la hapana, na jina la Mama pamoja nalo. Kabla ya kesi, Mama huwaingiza mashahidi katika chumba cha mahakama kikiwa kitupu, akamvalisha mmoja wetu suti na kumwambia aulize upuuzi wowote. Habari za kesi haziguswi. Shahidi anatakiwa tu azoee kumkatalia mtu mwenye tai. Mimi nimewahi kukataliwa na bibi mmoja kwa ukali mpaka nikamwomba radhi. Darasa hilo sasa linaendeshwa na waendesha mashtaka wapya, nasi tunalishukuru kila tunaposimama na shahidi asiyetetereka.

Wiki moja baada ya hukumu, yule mdogo wa fundi alikuja ofisini amefura kwa hasira. Mama hakumsimanga. Alimpa kiti, akamwacha afoke mpaka achoke, kisha akamwambia kwamba kutaka kusafiri si kosa. Alimpeleka mwenyewe idara ya kazi akaone mkataba halali unavyokaguliwa. Ilichukua muda mrefu na machozi kiasi, lakini binti aliondoka nchini kwenda kazini kwa njia iliyonyooka.

Mama, ahsante kwa subira yako, kwa utani wako, na kwa kutufundisha kwamba shahidi ni mtu kwanza. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku njema zisizo na kengele ya mahakama. Ila usisafiri mwezi ujao. Binti yule anakuja likizo, pasipoti yake mkononi mwake mwenyewe, na dada yake fundi, anayekwenda kumpokea, anasema binti mwenyewe ameomba apitishwe kwako kwanza, kabla ya kufika kwao.