Zeina Athman, Aliyewaliza Matsangoni Bila Kusema Neno

Bi Zeina Athman wa Shella, Malindi, anastaafu tarehe 31 Julai 1986, baada ya miaka ishirini na minne ya kuigiza katika sinema za afya. Wenzake wameniomba mimi mamake niandike. Atakayeona nimezidisha sifa anivumilie. Mwanangu nisipomsifu mimi, nimwachie nani?

Sinema zile hazikuwa na sauti. Gari la sinema lilikwenda Mambrui, Matsangoni, hata Mariakani, na msemaji alisimama kando ya pazia akaeleza kwa lugha ya wenyeji. Kazi ya Zeina ilikuwa uso na mikono. Akikunja uso, watu wazima walitulia. Macho yale kayatoa kwangu.

Amekuwa mke mvivu wa kuchemsha maji, amekuwa mja mzito, amekuwa mchuuzi wa samaki waliooza. Lakini iliyompa jina ni ile ya ndui, mwaka wa 1964, alipokuwa mama aliyekataa mwanawe achanjwe, mtoto akafa. Aliyeigiza mtoto huyo alikuwa mdogo wake, Hilal.

Babake, Mzee Athman, alikwisha kusema hiyo ndiyo ya mwisho. Binti wa watu hawi wa kutazamwa na kila mpita njia. Zeina alilia, chakula hakigusi.

Basi sinema ikaonyeshwa Matsangoni. Kesho yake tunaona wanawake wa Matsangoni wameulizia njia hadi mlangoni petu, unga na nazi vichwani, wanalia. Wamekuja matangani! Na Hilal yuko barazani anatafuna mkate wa mofa.

"Si huyu marehemu?" akauliza mkubwa wao, Bi Idah. Akamgeukia Zeina. "We mwanamke! Umetuliza bure, leso yangu yote maji!"

"Mmeona?" Mzee Athman akadakia. "Kazi ya fedheha. Imekwisha leo."

"Ngoja, baba, usimkataze," akasema Bi Idah. "Tumechelewa kufika kwa kuwa tumewapitisha watoto hospitali kwanza, wote wamechanjwa. Mabwana wa afya wametuhubiria miaka, nani aliwasikia?"

Mzee akaamuru unga ule wa matanga usongwe ugali, watu wale washibe. Kumsifu Zeina hakumsifu hata mara moja, lakini tangu siku hiyo, gari likija, buibui la Zeina alilipiga pasi yeye mwenyewe, mpaka alipofariki.

Wenzake wa gari, ahsanteni kwa kumtunza. Zeina mwanangu, kazi umeimaliza na heshima yako nzima. Mola akupe afya, na wajukuu wakuchoshe.