Papa Omer Ndayambaje na Chumba cha Pinga

Papa Omer Ndayambaje alizaliwa Kitshanga tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu wa Mzee Kabera na Mama Uwitonze, wafugaji. Alijifunza kuhesabu kwa kuwapanga ng'ombe zizini, na kabla ya kuanza shule alikwisha kumwambia baba yake kwamba mlango wa zizi uko upande mbaya wa upepo. Mlango ukahamishwa.

Alisoma shule ya msingi Kitshanga na sekondari Goma, kisha akapata shahada ya usanifu majengo Kinshasa mwaka 1984. Aliporudi, alijenga shule katika Masisi na Walikale, akisafiri kwa pikipiki na michoro yake mgongoni ndani ya bomba la plastiki.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Mama Athanasie, mwalimu wa Bweremana, katika parokia ya hapo. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1991 alijenga madarasa sita katika mji mdogo wa Pinga. Mbao zilibebwa kwa vichwa kutoka mbali, basi akashusha paa na kuacha mabati bila dari. Yalifunguliwa wakati wa jua, watu wakapiga makofi. Alirudi mwezi wa kumi na moja, mvua ikipiga mabati kwa kishindo hata sauti ya mtu haisikiki. Wanafunzi walikuwa wamekunja mikono, na mwalimu wao, Papa Yves, amekaa juu ya meza.

“Papa Architecte,” akamwambia sikioni, akionyesha mabati juu, “mwalimu mukubwa njo iko anafundisha. Akimaliza, nitaendelea.”

Papa Omer hakuwahi kuficha aibu ile. Alirudi Pinga kuweka dari ya mianzi, darasa moja baada ya jingine, mpaka yote sita yakaisha.

Mwaka 2017 alipewa kazi aliyoipenda kuliko zote: kuchora jengo la shule ya wasanifu hapa Bweremana. Alilichora lenye kuta nene, dari nzito na madirisha yanayotazama ziwa. Lakini chumba kimoja alikichora na paa la chini, mabati matupu. Mama Kasoki, mfanyabiashara kutoka Butembo na mkuu wa kamati ya shule hiyo, alikataa.

“Papa Omer, watu batacheka.”

“Njo ninataka. Banafunzi bacheke humu mbele ya kuanza kujenga, hapana nyuma ya kujenga.”

Walibishana miezi miwili, Mama Kasoki akakubali. Tangu 2019 kila mwanafunzi mpya anafanyia somo lake la kwanza la msimu wa mvua humo, katika chumba kiitwacho Pinga.

Ugonjwa wa sukari ulimlaza mwaka jana. Kamati ilitaka kumheshimu kwa kuweka dari katika chumba hicho na kukipa jina lake. Jambo hilo lilimsumbua kuliko maumivu. Alimwita Mama Kasoki kitandani.

“Mukiweka dari, munafuta somo. Jina langu mutaliandika wapi tena?”

Mama Kasoki aliahidi mbele ya Mama Athanasie kwamba chumba hakitaguswa. Usiku ule, Papa Omer alikula vizuri.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Novemba 2024, akiwa na miaka 65. Ameacha mjane, Mama Athanasie, watoto wake Archange, Kétsia na Jacques, wajukuu wanne, na wanafunzi waliobeba jeneza lake leo.

Mvua ikitukuta kaburini, tusikimbie. Tukunje mikono, tuingoje imalize. Papa Omer, lala salama.