Kadi za Waliokosa Pa Kuegesha: Kumuaga Bwana Tsofa Mung'aro

Bwana Tsofa Mung'aro, bawabu wa lango kuu, anastaafu leo Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo amewapigia saluti wakurugenzi saba, amevaa sare za rangi nne, na amewaambia watu wasio na idadi kwamba nafasi zimejaa. Habari hiyo aliitoa kwa upole mpaka wengine wakaondoka wakimshukuru.

Alipoajiriwa mwaka 1994, uwanja wetu ulikuwa na ambulensi moja na pikipiki ya daktari mkuu. Siku hizi una nafasi ishirini na sita za magari, na kwa kisiwa hiki si haba. Kumi na tisa zimeandikwa vyeo vya wakubwa kwa rangi nyeupe. Moja ni ya Mgeni Rasmi, aliyefika mara ya mwisho mwaka 2011. Moja ni ya jenereta. Nyingine ina ambulensi mbovu iliyokaa juu ya mawe, na paka ameshazalia humo mara tatu. Zinabaki nne, nazo ndizo za wagonjwa.

Nne hizo ziliundiwa Kamati ya Maegesho. Kamati imekutana mara kumi na moja, na kila ilipokutana wajumbe wa kutoka nje waliegesha kwenye nafasi nne hizo. Matunda ya vikao ni bango kubwa la chuma lenye maneno "Mgonjwa Kwanza". Lilipokosa pa kusimama, likachimbiwa katikati ya nafasi mojawapo. Zikabaki tatu, na moja kati yake iko chini ya mti wa mkungu wenye kunguru, ambako gari jeusi huingia na jeupe hutoka.

Bwana Tsofa hajawahi kuendesha gari. Hilo halikumzuia kuwaelekeza madereva kwa miaka thelathini na mmoja, akirudi kinyumenyume mbele yao na kupunga mikono yote miwili. "Njoo, njoo, njoo" yake inasikika mpaka wodi ya wazazi. Neno "basi" hulitamka baada ya kishindo. Taa za gari la daktari wa meno anazijua, na daktari naye anamjua.

Lakini hatukukusanyika kumsifu kwa taa. Tumekusanyika kwa sababu ya mkono wake.

Wageni hawajui utaratibu wetu, basi tuueleze. Siku ya kliniki, mgonjwa hupeleka kadi yake kwenye dirisha la kadi, kisha huitwa jina. Likiitwa mara tatu bila jibu, kadi hutiwa sandukuni na mgonjwa hupewa tarehe nyingine, miezi mitatu mbele. Gari haliruhusiwi kusimama langoni kumshusha mtu. Kiti cha magurudumu kipo, ila hutolewa ndani, kwa kuacha kitambulisho cha anayemsindikiza mgonjwa. Anayemsindikiza ndiye anayeendesha gari, na gari haliruhusiwi kusimama. Aliyeutunga utaratibu huu ana nafasi yenye cheo chake kwa rangi nyeupe.

Kwa hiyo watu wetu huzunguka. Huanza Bondeni, wakaranda barabara zote zinazotuzunguka, na wengi huishia Mwembe Tayari, katikati ya mabasi ya bara na mikokoteni. Huko huacha gari kwa dua, kisha hurudi kwa miguu wakimshika mkono mgonjwa ambaye daktari amemkataza kutembea.

Mwaka 2009 Bwana Tsofa aliinama kwenye dirisha la gari moja, akanyoosha mkono na kusema, "Nipe kadi, mama. Nyinyi kazungukeni." Akaifikisha kadi mwenyewe, na jina lilipoitwa akaitika kwamba mgonjwa yupo, yuko njiani. Kliniki iliyofuata akapokea kadi nne. Kabla ya mwaka kwisha, kila Alhamisi alikuwa anapita na rundo la kadi mkononi, kama mtu anayegawa mialiko ya harusi. Hakuna aliyemtuma wala aliyempa cheo.

Yaliyotokea mwaka 2017 bado yanachekesha jikoni. Siku moja ya kliniki Kamaludin, mwenye duka la vitambaa Kuze, alimleta mamake, Bi Nabiha, kliniki ya presha na sukari. Bi Nabiha ana mguu usiokunjika, hivyo tuktuk haimfai. Hunyooshwa kiti cha nyuma cha gari la mwanawe. Wakatoa kadi langoni, wakaenda kuzunguka. Jina likaitwa upesi kuliko siku zote. Bwana Tsofa akaitikia, akakalia kiti cha mgonjwa ili kisichukuliwe. Muuguzi Everlyne, aliyekuwa na siku tatu kazini na hajainua kichwa tangu asubuhi, akaushika mkono uliokuwa karibu naye na kuupima presha.

Mkono ulikuwa na sare na beji ya bawabu. Mwenye mkono alijua kwamba akifumbua mdomo kadi ya Bi Nabiha inaingia sandukuni, basi akaulegeza na kunyamaza. Presha ikasoma mia na tisini juu ya mia na kumi. Ikaandikwa kwenye kadi ya Bi Nabiha, na daktari akaamuru kitanda kitandikwe mara moja.

Bi Nabiha aliingia baada ya dakika arubaini, ametoka Mwembe Tayari kwa miguu yake, akakuta machela inamngoja mlangoni. Akaitazama, kisha akasema, "Kitanda mumenipatia upesi. Pahala pa gari ndipo hamuna?" Hapo Bwana Tsofa akakiri. Bibi akapimwa upya, na baada ya mwendo wote ule presha yake ilikuwa afadhali kuliko ya bawabu. Ndivyo hospitali ilivyogundua maradhi ya mfanyakazi wake wa miaka ishirini na mitatu, kwa jina la mtu mwingine. Tangu siku hiyo anameza vidonge vyake kila asubuhi.

Uongozi ulimpa barua ya onyo: bawabu asionekane tena ndani na kadi ya mgonjwa. Barua aliitii kikamilifu. Hakuingia tena ndani. Alizipitisha kadi kwenye nondo za dirisha letu la kadi, linaloelekea langoni, na sisi wa ndani tukawa tunaitika.

Mimi ninayeandika ni mmoja wa hao wa dirishani, na lililobaki si la kuchekesha.

Mwezi wa nne mwaka huu Bwana Tsofa alikwenda likizo. Bi Nabiha alikuwa na kidonda kwenye ule mguu, na tarehe ya kumwona daktari wa mishipa, ambaye huja kwetu mara moja kila miezi mitatu. Kamaludin alifika langoni saa mbili asubuhi, akapata mlinzi mgeni aliyefuata sheria. Akazunguka. Jina likaitwa mara tatu kutoka kwenye orodha ya daktari. Kadi ya bibi tuliipata mkononi mwa mwanawe saa tano, daktari ameshaondoka, na mimi ndiye niliyeitia sandukuni, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Mwezi wa sita Bi Nabiha alikatwa vidole viwili vya mguu. Madaktari watasema sababu ni sukari, nami sina elimu ya kubishana nao. Ninalojua ni kwamba nilikuwa na kadi mkononi na nikaitupa. Sijajisamehe.

Tarehe yake mpya ni leo. Daktari anataka kuuona mguu kabla ya kuamua kama utabaki.

Leo pia ndiyo siku iliyochaguliwa kumuaga Bwana Tsofa. Kamati ya Sherehe, ambayo wajumbe wake ni wale wale wa Maegesho, imesimamisha hema juu ya nafasi za wakubwa, penye sakafu iliyo sawa. Wakubwa, kwa kukosa nafasi zao, wameegesha kwenye zile tatu za wagonjwa. Mstaafu aliomba sherehe isogezwe mpaka Ijumaa, siku isiyo na kliniki. Alijibiwa kwamba keki imeshaandikwa tarehe.

Zawadi yake, tumeambiwa, ni saa ya ukutani. Zawadi ya hospitali ni kizuizi cha umeme kitakachofungwa langoni Jumatatu. Kinafunguka, kinafunga, na kinatoa karatasi. Hakipokei kitu.

Basi na iandikwe hapa, ili asitafutwe mwingine wa kulaumiwa: kuanzia kesho, kila siku ya kliniki, mmoja wetu wa dirisha la kadi atasimama langoni kupokea kadi. Tumepangana zamu. Barua za onyo ziletwe dirishani, mtupitishie kwenye nondo, tutazisaini.

Bwana Tsofa, tunakushukuru kwa kila kadi uliyoibeba na kwa kila taa uliyoivunja. Mungu akujaalie umri mrefu, presha ya kutulia, na mvua ya kutosha kwenye shamba lako la Kaloleni. Mke wako ametuahidi kwamba hatakuruhusu kumwelekeza hata mwenye baiskeli.

Wageni waalikwa, sherehe inaanza saa tatu, na kiti chenye kitambaa cha dhahabu mtakiona kitupu. Mstaafu anaomba radhi. Yuko langoni, na ameapa haketi mpaka Bi Nabiha aingie kwa daktari. Mwenye hamu ya keki akaondoe gari lake.