Mama Gonga, Aliyekataa Kuipaka Kutu Rangi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Gonga anavua ovaroli kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya bodi ya karakana yetu ya magari. Rasimu ya wasifu wake wa jarida letu, iliyotoka ofisini, ilisema "alitumikia kwa utiifu." Hapo ndipo nilipoomba niuandike mimi, fundi wa chumba cha rangi. Mama Gonga ni mchapakazi, mcheshi, na hajawahi kuchelewa. Mtiifu hakuwa, na kuna familia nzima ambayo iko hai kwa sababu hiyo.

Alianza kwa kupiga msasa milango, wakati mafundi wanaume walipomtuma chai wakidhani ndiyo kazi iliyomleta. Aliwaletea isiyo na sukari mpaka wakakoma wenyewe. Baadaye akashika mashine ya kuchomelea, na mshono wake ukawa mwembamba kiasi kwamba sisi wa rangi tuliutafuta kwa vidole. Mumewe ni fundi cherehani. Mwenyewe husema nyumbani kwao hakuna asiyeshona. Jina alilipata kwa kugonga kila bati kwa kifundo cha kidole kabla hata hajamsalimia mwenye gari. Mteja mmoja mwenye kipara alirudi nyuma alipomwona anakuja na kidole kimekunjwa.

Sasa niseme lile ambalo ofisi ingependa lipite kimyakimya.

Miaka tisa iliyopita, muuguzi mmoja mjane alileta gari la zamani aliloachiwa na marehemu mumewe, lile la boneti ndefu na taa za duara. Alitaka lipakwe rangi tu, ili binti yake alitumie kupeleka watoto shule. Mama Gonga akalala chini na kugonga boriti ya mbele, ile inayobeba injini na kushikilia magurudumu. Chuma kizima hulia. Hiki kilinyamaza. Akachukua bisibisi, akasukuma, ikazama hadi kwenye mpini. Chini ya rangi kulikuwa na pati ya kuzibia mabonde, chini ya pati kutu, na ndani kabisa mtu alikuwa ameshindilia magazeti. Tukasoma matokeo ya mpira humo! Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Msimamizi wa wakati huo akaja, akatazama, akasema, "Mteja ameomba rangi. Mpe rangi."

"Bosi, hiki ni chuma au mkate? Watoto watapanda humu."

"Mama, usijitafutie makubwa. Funika, lipakwe, liondoke."

Hakufunika. Alilipandisha gari kwenye stendi za chuma, akafungua magurudumu yote, akayafungia stoo na ufunguo akautia kifuani. Akapewa onyo na kusimamishwa kazi palepale, mbele yetu sote, kwa utovu wa nidhamu. Alipotoka getini hakwenda kwake. Alikwenda kwa muuguzi.

Kesho yake asubuhi muuguzi akafika, akapiga magoti kwenye sakafu yenye oili, akatia kidole kwenye tundu. Kisha akainua macho kwa msimamizi.

"Mume wangu aligonga gari hili hapa mbele, akalileta hapahapa," alisema. "Na wewe, ulipokuwa fundi, ndiwe uliyelitengeneza. Alikusifia mpaka anaingia kaburini."

Mimi hadi leo damu inanichemka. Hakuwa mtu asiyejua. Alijua kilichomo kwa sababu alikitia kwa mikono yake, na alikuwa radhi watoto wa watu wakalie uozo huo mradi aibu yake isionekane!

Muuguzi alikataa gari lake liguswe na mwingine, kwa hiyo Mama Gonga akarudishwa. Boriti mpya haikupatikana, maana magari yale hayatengenezwi tena. Aliining'iniza injini kwa mnyororo, akafunga vyuma vya kuzuia bodi isijipinde, akakata kutu mpaka akafika penye chuma kizima. Akapima kona kwa kona, akapima tena. Akakunja bati nene kuwa boriti, akaishikiza kwa nukta chache za moto, akarudisha boneti na madigadi aone kama vinakaa sawa, akavitoa, ndipo akachomelea moja kwa moja. Tulipodhani amemaliza, alitoboa matundu madogo chini ili maji yapate pa kutokea, akamimina nta ndani.

"Mama, huko ndani nani ataona?" nilimuuliza.

"Maji yataona, mwanangu," alinijibu.

Gari lile linatembea mpaka leo. Mwezi uliopita binti wa muuguzi alilileta kubadilisha oili, na boriti haina hata doa.

Na malipo ya wema huo? Msimamizi alipandishwa cheo, akaagwa kwa keki na hotuba. Mama Gonga onyo lake la utovu wa nidhamu halijafutwa. Kila nafasi ya mkuu wa idara ilipotokea, onyo lile lilitajwa, akarukwa, na vijana aliowafundisha kushika mashine wakawa wakubwa wake. Mbele yetu alitania kwamba viti vya ofisini vinaumiza mgongo. Shemeji yetu fundi cherehani ndiye anayejua jioni hizo alifika nyumbani na uso gani.

Kwa hiyo tunasema wazi, na mhariri asithubutu kukata: Ijumaa, kabla kisu hakijagusa keki, uongozi ulifute onyo hilo kwa sauti ileile iliyolitoa, mumewe akisikia. Hiyo si zawadi. Ni haki yake, na imechelewa.

Mama, ahsante kwa mikono yako, kwa vicheko vyako, na kwa kutufundisha kwamba kuna amri zisizostahili kufuatwa. Jumatatu hakuna wa kukuamsha. Lala mpaka jua likuchoke. Mungu akupe afya, na siku zako zilizo mbele ziwe njema, wewe na shemeji. Hasira tuachie sisi. Bado tunaihitaji kazini.